Anti Alisafiri Mara Tatu Kuangaliwa Dakika Ishirini

Leo hakuna vichekesho. Hii stori nimekaa nayo miezi, naandika nafuta, naandika nafuta, hadi anti mwenyewe akaniambia, "Andika tu. Jina langu ndilo usiweke." Basi jina sijaweka.

Anti ni dada mdogo wa buda yangu. Aliolewa upande wa Kakuma, Kakuma ya mjini, si ndani ya kambi. Mwaka wa kwanza hakuna mtoto, watu wakanyamaza. Wa pili, watu wakaanza kuuliza kwa upole. Kufika wa nne, upole umeisha. Mnajua vile huku kwetu mahari ni mifugo, na mifugo ni ya ukoo mzima. Mtoto asipokuja, kila mwenye mbuzi wake mle ndani ana maoni.

Akaenda kliniki. Akaandikiwa karatasi kwamba aangaliwe mirija ya uzazi kama imeziba. Hospitali mbili za karibu zikamwambia kipimo hicho aende mbele. Mbele ni wapi? Mbele ni gari hadi Lodwar, kama kilomita 120, ulale, halafu Lokichar, Kainuk, upande mlima wa Kapenguria, uteremke hadi mji mkubwa. Kilomita 400 na ushee, kwenda tu.

Safari ya kwanza alifika, akaulizwa, "Hedhi yako ilianza lini?" Akahesabu. Siku kumi na nne. Akaambiwa arudi mwezi ujao. Kumbe kipimo hiki hufanywa damu ikishaisha na kabla ya siku ya kumi hivi, ili isije ikawa kuna mimba changa tumboni na inapigwa mionzi. Ni sheria nzuri, inalinda mtoto. Lakini hakuna mtu aliyemwambia kabla apande gari.

Safari ya pili akapiga hesabu vizuri, akafika siku ya nane. Mashine iko. Ameiona kwa macho yake, imefunikwa shuka ya kijani. Mwenye kuifanya kazi hayuko, yuko semina. Anayejua kuitumia ni mmoja, na hana wa kumshikia zamu.

Safari ya tatu, mimi ndiye nilimsindikiza. Akaingia. Nikatoa simu nicheze gemu, hata sijafika mbali, ametoka. Dakika ishirini. Nikamuuliza, "Wamesema nini?" Akasema, "Wamesema ripoti nirudi baada ya wiki mbili, daktari wa kuisoma akija."

Wiki mbili zikawa tano. Ripoti ilikuja kwa bahasha, imebebwa na dereva wa matatu. Ilipofika, anti alikuwa amerudishwa kwa shosho na begi moja. Tukafungua bahasha. Mirija yote miwili iko wazi. Hakuna kilichoziba.

Nataka usome hiyo sentensi tena, halafu ndio tuongee.

Sasa, hicho kipimo kinafanywa kwa kitu kinaitwa fluoroskopi. Usiogope jina. Eksirei ya kawaida ni picha moja: unavuta pumzi, unashika, tii, imeisha. Fluoroskopi ni eksirei inayotembea, ni video. Mtu anakanyaga pedali kwa mguu, mionzi inapita, na kwenye skrini unaona mwili ukifanya kazi wakati huo huo. Kwa kuwa nyama laini haionekani vizuri, wanaingiza dawa inayoonekana. Kwa mirija ya uzazi ni maji yenye aidini, yanapitishwa polepole kwenye mlango wa uzazi, unayaona yakijaza mji wa mimba, yakiingia mirija, na kama iko wazi yanamwagika upande wa pili. Kwa koo na tumbo unakunywa bariamu, uji mweupe kama chokaa, na unaona unavyoteremka.

Nani anahitaji hii kitu Turkana? Mtoto aliyekunywa kosti soda ya kutengeneza sabuni ya maji, koo likaungua likapona likiwa limebana, sasa hata uji haupiti. Kijana wa boda aliyevunjika nyonga na sasa mkojo hautoki, daktari anataka kujua njia imekatika wapi kabla hajaingiza mpira. Mzee anayetapika kila akila. Msee wa risasi au mfupa uliovunjika aliye mezani, daktari wa upasuaji anataka kuona chuma kinaingia wapi. Na wanawake kama anti, ambao ni wengi kuliko tunavyokubali, kwa sababu tumeamua hii ni aibu ya kubebwa kimya kimya.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana. Kambi ya Kakuma iko hapo tangu 1992, ikaongezewa Kalobeyei, na wakimbizi peke yao wamepita laki mbili. Kaunti yetu ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha. Kwa hivyo mtu akisema "kipimo adimu, wachache wanakihitaji", mwambie aje ahesabu tena.

Najua utasema tatizo ni mashine. Tuletewe mashine. Wueh. Mashine tushawahi kuletewa. 2015 serikali ya kitaifa ilianza ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, hospitali mbili kila kaunti, na vifaa vya eksirei vilikuwa ndani. Pesa ikakatwa kwa kaunti kila mwaka. Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza, na ripoti yake ya 2020 iligusa kitu ambacho sisi tulikuwa tunakiona kwa macho: sehemu zingine vifaa vilifika na vikakaa, kwa sababu umeme hautoshi, au chumba hakijajengwa, au hakuna mtu aliyefunzwa kuvitumia. Ile shuka ya kijani haikuwa mkosi wa anti peke yake.

Mtu wa pili atasema, "Lakini siku hizi kuna intaneti. Picha zitumwe Nairobi, zisomwe huko." Kwa eksirei ya kawaida, sawa kabisa, na ifanyike zaidi. Kwa fluoroskopi, hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea.

Fikiria mechi. Mimi niko uwanjani Lodwar na wewe uko Nairobi. Nikikutumia picha tano za mechi, unaweza kuniambia kama ilikuwa ofsaidi? Inategemea nilipiga picha saa ngapi na nilisimama wapi. Kama nilibonyeza sekunde moja nimechelewa, hata uwe refa wa Kombe la Dunia, huna cha kusema. Fluoroskopi ni hivyo. Anayekanyaga pedali ndiye anaamua: mgeuze kidogo kushoto, ngoja, ameze tena, hapo, piga. Mrija mmoja unaweza kuonekana umeziba kumbe umekaza tu kwa maumivu na woga, ukingoja kidogo unafunguka. Mtu aliye na uzoefu atangoja. Asiye nao atapiga picha, atamtoa mgonjwa, na daktari bingwa aliye mbali atasoma "umeziba" kwa uaminifu kabisa. Yaani kusoma na kufanya ni kazi moja. Kufikiria kunafanyika mgonjwa akiwa bado mezani.

Kwa hivyo hii ndio maoni yangu, na niko tayari kubishana na yeyote: tuache kungoja daktari bingwa wa radiolojia ahamie Turkana. Tuchukue maradiografa walio hapa tayari, tuwarudishe shule kwa masomo ya uzamili ya fluoroskopi, wafunzwe kukifanya kipimo na pia kuandika ripoti yake, halafu tuwape haki ya kuitia sahihi.

Radiografa ni nani? Ni yule msee wa chumba cha eksirei unayemwita "daktari" kwa kutojua. Diploma ni miaka mitatu, digrii ni minne. Daktari bingwa wa radiolojia ni mwingine: anasomea udaktari kwanza, halafu anarudi tena kusomea picha, ukijumlisha yote ni zaidi ya miaka kumi. Nchini hawatoshi, na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa na mkopo wa miaka kumi ningetafuta mji wenye kliniki za kulipa.

Nina binamu radiografa, sitasema wapi. Nilimuuliza swali moja tu: "Ukiangalia skrini, unajua?" Akacheka. Akasema, "Miaka tisa naangalia. Mara nyingi najua kabla mgonjwa hajavaa viatu. Lakini mimi naruhusiwa kuona, siruhusiwi kuandika." Halafu akaniambia kitu ambacho hakijanitoka. Usiku, ajali ikija, daktari wa zamu anamwita pembeni anamuuliza, "Unaonaje?" Anamjibu kwa mdomo. Mgonjwa anatibiwa kwa hilo jibu. Asubuhi hakuna karatasi inayoonyesha alisema nini.

Umeona shida? Kazi tayari inafanyika, ila inafanyika kwa kunong'ona. Akikosea, hakuna rekodi, hakuna anayemsahihisha, hakuna anayejifunza. Akipatia, hakuna anayemlipa. Wanaosema kuwaruhusu maradiografa kuandika ripoti ni hatari wanasahau kwamba hatari iko sai, ni vile tu haina sahihi.

Na si kitu nimeota. Uingereza walipitia hapa hapa. Miaka ya 1980 kulikuwa na mtindo wa kibandiko chekundu: radiografa akiona picha ya mgonjwa wa ajali ina kitu hakiko sawa, anabandika duara jekundu ili daktari mchanga wa zamu asikipite. Kibandiko tu, hakuna neno. Lakini watu wakaanza kujiuliza: kama mtu anaweza kuona, kwa nini asiandike? Kufikia miaka ya 1990 walikuwa wakisomeshwa vyuo vikuu kuandika ripoti kamili, na vipimo vya bariamu vikawa mikononi mwa maradiografa hospitali nyingi. Sai ni ngazi zinazojulikana: cheti cha uzamili, stashahada ya uzamili, shahada ya uzamili, krediti 60, 120, 180. Na wengi wanasoma wakiwa kazini, wiki kadhaa chuoni, zinazobaki hospitalini kwao chini ya mlezi.

Kama Uingereza ni mbali, njoo nyumbani. Ukienda ultrasaundi ya mimba hapa Kenya, anayekuandikia ripoti mara nyingi si daktari bingwa. Ni radiografa aliyerudi KMTC akafanya diploma ya juu ya ultrasaundi. Na ultrasaundi ni video kama fluoroskopi, kufanya na kusoma ni kitu kimoja. Mama zetu wote wamepitia hapo. Hakuna aliyeandamana. Kwa hivyo mlango tushaufungua, tumebaki tumesimama kizingitini tukijadili kama kuna mlango.

Na kabla hujasema "hayo mambo ya teknolojia si ya Turkana", subiri. Kuna ugonjwa wa uvimbe wa maji unaosababishwa na minyoo ya mbwa, hidatidi, na Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. 1983 AMREF ilianza mpango wa kuudhibiti huku kaskazini magharibi. Walichofanya ni kubeba ultrasaundi ndogo hadi kwenye awi, huko porini, miaka ya 1980, wakati hospitali nyingi kubwa Afrika hazikuwa nayo, na kupima watu kwa maelfu wakiwa na mifugo yao. Matokeo yakachapishwa kwa majarida ya dunia nzima, na wengine wakajifunza kutoka hapa. Shosho wangu anakumbuka kulazwa chini ya mti na kupakwa jeli baridi tumboni. Kwa hivyo Turkana haijawahi kuwa nyuma kwa picha. Tuliachwa nyuma baadaye.

Sasa masomo yenyewe yawe na nini? Siongei kuhusu semina ya siku tatu na tishati. Naongea kuhusu kitu cha mwaka mmoja au miwili chenye meno.

Kwanza, mionzi. Fluoroskopi si mchezo. Ukiacha mguu kwenye pedali, mgonjwa anapokea mionzi kila sekunde, na wewe pia uliye kando yake. Haina harufu, haina maumivu siku hiyo. Aliyefunzwa anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, anabana mwanga ufunike sehemu anayoitaka tu, anatumia picha ya mwisho iliyobaki kwenye skrini badala ya kukanyaga tena. Anajua kwamba akisimama mara mbili ya umbali, mionzi inayomfikia inashuka hadi robo. Kwa mtoto wa miaka mitatu wa kosti soda, huo ujuzi ni zawadi ya miaka sitini mbele.

Pili, idadi. Daftari la vipimo alivyofanya chini ya macho ya daktari bingwa, vimehesabiwa, vimetiwa sahihi. Na ripoti ziandikwe mara mbili: yeye aandike yake, daktari aandike yake bila kuiona, halafu zilinganishwe. Asipofikia kiwango, hapewi kalamu.

Tatu, mipaka. Orodha ya vipimo anavyoruhusiwa kuandika, na vile ambavyo lazima apeleke mbele. Kujua kusema "hapa sijui" iwe sehemu ya mtihani. Daktari bingwa anabaki kuwa mkubwa wa kazi. Intaneti sasa inapata kazi yake ya kweli, kuuliza maswali magumu na kukagua ripoti kila mwezi.

Nne, lugha. Msicheke. Huwezi kumwambia mama aliyetoka Lokichoggio asiyejua Kiswahili, "vuta pumzi, shika, sasa jikaze", kwa Kiingereza, akiwa amelala uchi mbele ya mgeni, halafu ushangae mirija imekaza. Anti aliniambia kilichomuuma zaidi kule ndani si dawa. Ni kwamba hakuna aliyemweleza nini kinafanyika. Radiografa wa hapa, anayeongea Kiturkana, au Kisomali, au Kiarabu cha Juba kwa wale wa kambini, ana kifaa ambacho hakiuzwi.

Kuna hoja moja inanisumbua kweli, na sitaikwepa. "Mkiwasomesha, wataenda." Ni kweli, wataenda. Wauguzi wameenda, madaktari wameenda. Ukimpa mtu cheti cha uzamili halafu umwache mshahara ule ule, cheo kile kile, umemnunulia tiketi ya basi. Kwa hivyo mkataba uwe wa pande mbili: yeye anakaa miaka kadhaa, na kaunti inamtambua, inamlipa kwa ngazi yake mpya na kumpa msaidizi wa kushika zamu akienda semina. Msomesheni mmoja, tuko pale pale pa shuka ya kijani. Wawili Lodwar na wawili Kakuma ndio mwanzo.

Na mkitafuta wa kusomesha, msisahau kambini. Kuna vijana waliozaliwa Kakuma, wamesoma Kakuma, KCSE wamefanya Kakuma, na hawana mahali pengine pa kurudi. Hao huwezi kuwaambia "wataenda", kwa sababu wengi hata ruhusa ya kufika Nairobi ni vita. Mfungulie kijana kama huyo njia ya diploma, halafu ya uzamili, na vibali vya kazi viwe vya kweli, uone kama atakimbia.

Wewe uliye sekondari unayetaka kuacha fizikia kwa sababu mwalimu ni ngori: usiiache bado. Fizikia ndiyo lugha ya hii kazi. Siku moja kalamu itakuwa inakutafuta.

Kuna ombi moja tu leo. MCA wako akija kwa mkutano, usimuulize "mtatuletea mashine lini?" Hilo swali wanalipenda, kwa sababu mashine inakatiwa utepe na inapigwa picha. Muulize, "Ile iliyoko, nani ameidhinishwa kuitumia, nani anaandika ripoti, na ripoti inachukua siku ngapi?" Maswali matatu. Mrekodi akijibu, unitumie.

Anti sai yuko kwa shosho, ana duka la shanga na sukari, anaendelea. Ile bahasha ameiweka kwenye sanduku na kitambulisho chake. Mara ya mwisho nilimuuliza kama yule mume amewahi kupimwa. Akaniangalia vile watu wazima huangalia watoto.

"Yeye?" akasema. "Nani angemwambia aende?"